Furu Kumi na Tisa wa Bibi Nyangeta

Nyanjura mwanangu,

Umeenda Butiama kumuaga mjomba wako na umesema utarudi kabla jua halijazama. Nimekaa kwenye meza yako, ile uliyokuwa unawekea kompyuta. Mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka kama wamealikwa, na mimi nimeshika kalamu kama mtoto wa darasa la tatu. Mambo ya safari yako ya Dar kesho tutayaongea kwa mdomo. Sweta, maandazi, namba ya siti, usiache mkoba wako basi likisimama watu wachimbe dawa, hayo yote nitakuambia na utanijibu, "Mama, umeshasema." Ya barua ni yale ambayo mdomo wangu umeyakataa tangu mwaka jana. Kila nilipokaa karibu yako nikuambie, nilijikuta nakuuliza kama umekula.

Mimi niliishia la saba, unajua. Uvumilie mwandiko, na uvumilie nikizunguka kidogo. Nitafika.

Ulipokuwa na miaka sita nilikupa beseni la taka nikakwambia, "Katupe ziwani, maji yatachukua." Ndivyo mama yangu alivyokuwaga ananiambia na mimi. Ila wao walitupa maganda ya mihogo na miiba ya samaki. Beseni langu lilikuwa na chupa, malapa yaliyokatika na mifuko ya dukani. Ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Maji yanapeleka wapi?"

"Mbali."

"Huko mbali kuna nani?"

Nikakwambia nenda, usinichoshe. Kesho yake asubuhi ukaingia jikoni umeloa mpaka kiunoni, umeshika chupa moja. Ukasema, "Mama, imerudi. Huko mbali wameikataa." Nilicheka sana siku ile. Nikamsimulia baba yako, Mungu amlaze pema, naye akacheka. Hakuna kati yetu aliyekujibu lile swali, na nafikiri ndipo ile kazi yako ilipoanzia, kwenye beseni langu.

Ulipomaliza chuo Musoma ukarudi Murangi na Pendo, mliyesoma naye, mtoto wa watu wa Bunda. Miezi yote ile mlilala kitanda kimoja mkibishana rangi ya vitufe vya programu yenu ya simu. Nakumbuka ulivyonielezea mara ya kwanza, nikiwa naanika dagaa. Mtu anazoa taka kwenye mwalo, pale mitumbwi inapofikia, au kwenye mji wa jirani, nyumbani kwake, anajaza kiroba, anakipiga picha kwa simu, anagusa kwenye ramani mahali alipokitoa, anapata alama. Jumamosi watu wote wanakutana ufukweni, viroba vinapimwa, chupa zinakwenda Musoma kwa wanaozirudisha kiwandani. Na mwenye alama nyingi picha yake inakaa juu ya wengine wote wiki nzima. Mliipa jina Mwalo Wetu.

"Watu wanapenda kuonekana, mama," ulisema. "Wakionekana kwa usafi, watasafisha."

Nikakuuliza kama Mungu hatoshi kuwaona.

"Anawaona," ulisema, "lakini hawaambii majirani."

Nilikurushia dagaa mmoja. Tulikuwa na raha wakati ule, mwanangu. Nataka ujue kwamba ninaikumbuka ile raha kabla sijakuambia nilivyoiua.

Bibi Nyangeta alikuja kwenye kazi yenu kama mtu aliyepita tu njia. Unamjua wewe kuliko mimi, lakini acha nimwandike nilivyokuwa namwona. Mjane wa kule chini penye mawe makubwa, watoto wake wote walishatangulia, kanisani haji, akitembea anaongea peke yake kwa Kijita cha zamani ambacho hata sisi watu wazima tunakiokoteza. Siku aliyokuja, wewe na Pendo mlikuwa mmechora ziwa kwenye simu, na kila kiroba kinachoingia kinaongeza samaki mmoja anayeogelea. Mkamwonyesha. Akaisogeza simu machoni, akairudisha nyuma, akaisogeza tena.

"Huyu ni samaki wa wapi?"

Pendo akasema, "Ni samaki tu, Bibi."

"Hakuna samaki tu. Samaki ana jina. Huyu hajawahi kufika Murangi. Huyu amevaa kitenge."

Tulicheka mpaka mimi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alisema, "Nichoreeni furu. Nilipokuwa msichana furu walikuwaga wengi hapa, unachota na ndoo. Siku hizi nikimwona mmoja namwamkia. Mkiniwekea furu mmoja kwa kila kiroba, nitazoa mpaka nife."

Usiku ule ule mkamfuta yule wa kitenge mkachora furu, mdogo, wa udongo udongo, macho makubwa. Na kwa kuwa Bibi hakujua kusoma, mkaondoa maneno mkaweka picha: chupa, wavu, lapa. Ukampa simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa anaifunga kwenye kitambaa kama yai. Haukupita mwezi, picha yake ikakaa juu ya wote, na ikakataa kushuka. Vijana wa mwalo wakawa wanamtania, "Bibi, tupunguzie, unatuaibisha." Naye anawajibu, "Amkeni. Mimi nikiamka nyie bado mate yanaloanisha mto."

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukisema hata kwenye maombi yangu ya peke yangu. Niliona wivu. Ulikuwa ukitoka chuo kila likizo unakaa na mimi jikoni unanisimulia. Mwaka ule ukawa unakaa penye mawe na Bibi, anakusimulia mambo ya ziwa la zamani, unarudi unanuka moshi wa nyumba yake. Ulikuwa unasema, "Bibi anasema hivi, Bibi anasema vile." Nilikuwa nakoroga ugali nasikiliza, moyoni nasema, na mama yako anasema nini? Wivu wa mtu mzima unajificha, mwanangu. Wangu ulivaa nguo za kanisa.

Siku moja wewe na Pendo mlikuwa mmekwenda Musoma. Nikasikia Bibi ana homa. Nikapika uji, nikaweka kwenye lile bakuli letu la bluu, nikashuka. Nilikuwa sijawahi kuingia ndani kwake. Nikapiga hodi, kimya. Nikaingia. Amelala, anatetemeka, hajanitambua. Nikageuka nitafute pa kuweka bakuli, ndipo nikaona viroba.

Vilikuwa vimepangwa ukutani kama watu waliokaa kwenye benchi. Kila kimoja kimefungwa kitambaa tofauti mdomoni. Kimoja kilikuwa wazi, ndani nikaona rasta, nywele za watu, rundo zima, na lapa la mtoto mdogo. Nikaangalia vitambaa. Kimoja nilikijua ni cha sare ya kwaya ya mama wa jirani, kimoja ni cha shuka la watu wa kule juu. Na kiroba cha mwisho karibu na mlango kilikuwa kimefungwa kipande cha kanga yangu. Ile ya zambarau, nilikuwa nimeichana nikaifanya kitambaa cha jikoni, halafu nikaitupa shimoni.

Wewe ulishajua vile vitambaa ni vya nini. Mimi nimekuja kujua baadaye sana. Penye mawe hakuna mtandao, ramani haifunguki, na Bibi hajui kuandika. Kazi yenu inataka kujua kila kiroba kimetoka wapi. Basi yeye akabuni njia yake: akizoa mji fulani, anafunga mdomo wa kiroba kwa kitambaa alichokiokota mji huo huo, ili mkija kuipandisha simu huku kwenye mtandao mumsaidie kugusa mahali sahihi. Nywele aliziweka peke yake kwa sababu mlimfundisha kutenganisha. Hiyo ndiyo siri yote. Mwanamke mwaminifu alikuwa anafanya kazi mliyompa, kwa uangalifu ambao mimi sijawahi kuufanyia kitu chochote.

Lakini unajua kwetu nywele zako zikikusanywa na mtu mwingine watu wanasema nini. Unajua nguo yako ikiwekwa kwa mtu watu wanawaza nini. Nililelewa na hayo kabla sijalelewa na kanisa, na siku ile kanisa halikufika haraka. Niliweka uji chini nikatoka. Sikumgusa hata kumfunika. Ningemwamsha, nikamuuliza swali moja tu, Bibi, hivi vitambaa ni vya nini, angenijibu kwa homa yake ile, na leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Jumatano ikafika, maombi ya akina mama. Unajua kwetu kabla ya kuomba, mwenye haja anasimama anasema. Nikasimama. Nakumbuka maneno yangu yote.

"Bwana asifiwe, akina mama. Nina ombi. Mniombee mwanangu. Amezoeana na mtu ambaye anaweka ndani vitu vya watu, mji kwa mji, na vingine ni nywele. Sitaji jina. Naomba ulinzi."

 Mama anayetuongoza akauliza taratibu, "Na cha kwako umekiona?"

"Nimekiona. Kanga yangu."

Wakanishika mikono, tukaomba mpaka jasho. Nililia, Nyanjura, na nililia kweli. Ndilo linalonitisha hadi leo. Sikuwa nasengenya kisimani, nilikuwa nimepiga magoti. Na kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikutaja jina. Lakini Murangi nzima ni wangapi waliokuwa wanazoa taka mji kwa mji?

Yaliyofuata uliyaona, ila hukujua yalikotoka. Jumamosi ile mlisimama ufukweni na mzani wenu, hakuna aliyekuja. Nyingine tena, hakuna. Wanawake wakaanza kuchoma taka usiku usiku ili zisiokotwe. Watoto wakawa wanaitwa ndani Bibi akipita. Mwenyekiti wa kitongoji akaja na maneno matamu, akakuomba usimamishe kidogo, na usishuke kwa Bibi kwanza, kwa ajili ya amani. Nawe ukarudi nyumbani unatafuta ni nani.

Nilikuwa jikoni namenya mihogo. Wewe na Pendo mlikuwa uani.

"Ni wewe," ulimwambia. "Ndani kwa Bibi tumeingia sisi wawili tu."

"Nyanjura, sijasema kitu kwa mtu."

"Ulipiga picha viroba. Umemwonyesha nani?"

"Picha ni za kazi. Na wewe unazo."

"Kwa hiyo vimejisema vyenyewe."

Pendo akageuka akatazama jikoni. Mimi nikainamia mihogo yangu. Nilimenya muhogo mmoja mpaka ukaisha mkononi. Kesho yake Pendo akafunga begi, akanishika mkono, akasema, "Mama, asante kwa kila kitu," akapanda hiace. Hamjaongea tangu siku hiyo. Na mimi niliyejua nilikupikia chai.

Ungeniuliza wakati ule kwa nini sikusema, ningesema nasubiri upoe. Sasa ninajua. Baba yako alishaondoka, nilikuwa nimebaki na wewe tu, na niliona bora umpoteze rafiki kuliko unipoteze mimi. Naliandika hili bila kulipamba.

Lingine ni hili, na ndilo baya zaidi. Uliitwa Butiama ukaonyeshe kazi yenu kwenye mkutano wa vijana. Siku hiyo hiyo mtoto wa kaka yake Bibi akaja na pikapu kutoka Nyamuswa kumchukua, maana habari zilishafika kwao na waliogopa asije akadhuriwa. Bibi akapanda mpaka hapa kwa miguu. Hakuingia. Alisimama pale penye kamba ya nguo, akanipa ile simu, imezima, imefungwa kitambaa.

"Mwambie Nyanjura sijaacha," alisema. "Ni hawa samaki wamegoma kwenda. Aje awapeleke."

Nilifikiri ni maneno ya uzee. Nikasema, "Nitamwambia, Bibi."

Akaniangalia. Akasema, "Ule uji ulikuwa mzuri. Sikuwahi kukushukuru." Halafu akashuka.

Uliporudi kutoka Butiama ulikuta nimekaa. Nikakwambia Bibi amechukuliwa na ndugu zake. Ukauliza, "Hajaacha neno?" Nikasema hapana. Ukauliza simu, nikasema ameondoka nayo. Ukasema, "Mwache awe nayo." Ukafungua kompyuta ukaangalia muda mrefu, ukasema maneno ambayo hayajanitoka masikioni: "Hata yeye aliacha, mama. Wiki tatu za mwisho hakuna hata kiroba kimoja. Kama Bibi ameacha, mimi nambembeleza nani?" Siku hiyo ukaifunga Mwalo Wetu.

Simu nilikuwa nayo kwenye sanduku, chini ya vitenge.

Nilikaa nayo miezi bila kuigusa. Halafu mvua za mwaka huu zilipoanza, sijui nini kilinisukuma, nikaichaji. Nikagusa ile picha ya ziwa. Nyanjura, furu walikuwa wanaogelea. Wengi, nikawahesabu, kumi na tisa, na juu ya kila mmoja kuna mshale mdogo unapepesa. Nikaipeleka kwa fundi simu senta, nikamwambia sijui huu mshale ni nini. Akasema, "Mama, hivi vitu vilikuwa vinasubiri mtandao viondoke. Havikupata. Na sasa kule vilikokuwa vinaenda kumefungwa."

Kumi na tisa. Zile wiki tatu. Watu walipomfungia milango, wewe ulipodhani ameacha, alikuwa anaamka gizani anazoa ufukwe peke yake, anapiga picha, anafunga kitambaa, anawaweka ndani ya simu wasubiri. Viroba vyenyewe alikuwa amevipanga nyuma ya nyumba. Unakumbuka ule moshi mweusi uliotanda mpaka kanisani baada ya yeye kuondoka? Vijana walikuwa wanavichoma.

Fundi akanionyesha kwamba ukimgusa samaki, picha ya kiroba inafunguka. Nimewagusa wote. Wa kumi na tisa, wa mwisho kabisa, kiroba kimefungwa kanga ya zambarau. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anakuja kuzoa shimo letu. Nilikuwaga nasikia mchakacho alfajiri, najiambia ni mbwa.

Iliposikika Bibi amefariki, nilikuambia nakwenda Bunda kununua kitenge. Sikwenda kununua kitenge. Nilishuka Bunda nikapanda pikipiki mpaka Nyamuswa, nikakaa nyuma na wanawake ambao hawanijui. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Alikuwa anatuchosha na habari za mtoto mmoja wa Murangi aliyemchorea samaki. Kila pikipiki ikisimama anauliza, ni yeye?" Sikuuliza zaidi. Nilitupa udongo kaburini kama wengine. Uliporudi kutoka shambani nikakwambia Bibi amefariki, ukasema, "Apumzike," ukaingia chumbani, ukafunga mlango. Nilisimama nje ya ule mlango mpaka miguu ikafa ganzi. Nikarudi jikoni.

Jumatano iliyopita nilisimama tena kwenye maombi. Nikasema yote, na jina nikalitaja. Nikawaambia kanga ilikuwa taka, nywele zilikuwa taka, mwanamke alikuwa safi, na mimi ndiye niliyeanza. Ulidhani watalia na mimi? Walitazama chini. Mmoja akasema, "Mama Nyanjura, hayo yameshapita." Mama anayetuongoza akasema tusimame tuimbe. Nikaimba na mimi. Niliporudi sikuwa nimepata nafuu yoyote, na nadhani ni haki.

Nakwambia haya si kwa sababu nina somo la kukupa. Nimeishi na Mungu miaka mingi na bado nilimtumia kama kipaza sauti. Huko uendako utasikia uchungu juu ya watu, na utataka kuusema kwa wengine kwa sauti ya huruma. Mimi nimejifunza kwenda kwanza kwa mwenyewe, hata ana homa, hata naogopa nyumba yake. Nimejifunza nikiwa nimechelewa. Wewe bado mapema.

Na kuhusu kazi uliyopata Dar, ya kuchora programu za kubashiri mpira, sikulaumu. Mtu anakwenda kazi ilipo. Lakini uliponionyesha ule mpira unaozunguka kwenye simu, mzuri, unang'aa, nilimkumbuka furu wa udongo udongo nikatoka nje. Ulifikiri sijapendezwa. Nilikuwa najua ni nani aliyekutoa kwa furu akakupeleka kwenye mpira.

Jana nimempigia Pendo. Namba nilikuwa nayo muda wote. Yuko Bunda, duka la vifaa vya shule, karibu na stendi. Nikamwambia ni mimi niliyeanza yale maneno. 

Akasema, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuta bakuli lenu la bluu kwa Bibi. Mimi ndiye niliyelirudisha."

"Na siku ile Nyanjura anakushutumu, kwa nini hukusema?"

Akasema, "Ningemwambia ni mama yake, angebaki na nani?"

Nyanjura, huyo ndiye uliyemfukuza, na mimi nilimtazama anafukuzwa. Kesho basi lenu likisimama Bunda atakuwa pale, amevaa koti la njano. Hajasema atakuja kukusamehe wala kusamehewa. Amesema, "Nitasimama tu, aniangalie." Usikae dirisha la upande mwingine.

Simu ya Bibi nimeiweka juu ya begi lako pamoja na barua hii. Nimeichaji mpaka imejaa. Sikuombi ufungue tena Mwalo Wetu, sina mdomo wa kukuomba hivyo. Nataka tu uwaone, na ujue kwamba hakuacha, na neno lake nimelifikisha mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kupewa: samaki wamegoma kwenda, uje uwapeleke. Ukihesabu utakuta ishirini. Wiki hii nilishuka penye mawe alfajiri nikazoa kiroba kimoja, nikafunga kitambaa cha gauni langu mwenyewe, nikapiga picha kama nilivyoona kwenye zile zake. Wa ishirini ni wangu. Huyo ukitaka mfute. Wale kumi na tisa usiwaguse.

Nilikuwa nimepanga nikupe barua hii kesho stendi ya Musoma, ukiwa umeshakaa, basi linanguruma, nisiuone uso wako. Nimeona ni woga ule ule, nimechoka nao. Kwa hiyo utaikuta leo. Ukimaliza kusoma, mimi niko jikoni. Ukitaka kuja kunisema, njoo, sitainamia mihogo. Usipotaka kuja, nitajua, na kesho nitakubebea begi mpaka barabarani hivyo hivyo, na sitakuuliza kitu.

Nasikia pikipiki inashuka. Ugali wako nimeufunika.

Mama.